Anayejitolea Naye Afundishwe

Suala la mafunzo ya viongozi wa skauti likiletwa kwenye kikao cha wilaya, hoja za kulizima huwa zilezile. Wengi wanaozitoa ni watu wema waliolea vijana kwa miaka mingi, kwa hiyo wanastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Inayosikika zaidi ni hii: anayejitolea anakuja na moyo wake, na moyo ukiwapo mengine yatajileta. Ni kweli kwamba moyo ndio unaomtoa mtu nyumbani kwake Jumamosi asubuhi akakae na watoto wa wenzake. Lakini haumwambii afanye nini mtoto akivunjika mkono kambini, mbali na zahanati, wala amjibu vipi binti wa miaka kumi na miwili anayemnong'oneza kwamba anaogopa kurudi kwao. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941, hakuutegemea moyo peke yake. Kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea ilifanyika mwaka 1907. Kufikia Septemba 1919, watu wazima walikuwa tayari Gilwell Park, Uingereza, kwenye kozi ya kwanza ya Wood Badge, yaani mafunzo ya viongozi wa skauti, wakiishi kwa vikosi kama watakavyoishi watoto wao. Anayedai kuwa mafunzo ya viongozi ni mtindo ulioletwa juzi na wafadhili amepitwa na zaidi ya miaka mia moja.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Viongozi wetu ni walimu, wanasema; mwalimu atafundishwa nini tena kuhusu watoto? Anawajua watoto, sikatai. Ila darasani yeye ndiye anayesimama mbele: anauliza, anasahihisha, anatuliza kelele. Kwenye skauti, watoto sita hadi wanane huunda kikosi, na kiongozi wa kikosi ni mtoto mwenzao. Viongozi hao wa vikosi hukaa pamoja na kuamua safari ijayo iwe wapi, nani apike, na aliyewakosea wenzake afanywe nini. Kazi ya mtu mzima ni kumwandaa yule mtoto kiongozi, kisha arudi nyuma hatua kadhaa na kuvumilia ugali ulioungua. Kwa mtu aliyezoea kushika darasa la wanafunzi themanini, kurudi nyuma huko ni kazi ngumu, na hakuna aliyezaliwa akiijua.

Asipofundishwa, hutumia alichonacho, yaani mstari, filimbi na amri. Kundi linageuka kuwa la gwaride la sikukuu za taifa na la kuwavisha wageni skafu. Gwaride lina heshima yake, na watoto hulipenda. Lakini kijana aliyepiga kwata miaka mitano bila kupanga safari hata moja, bila kushika pesa za chakula cha wenzake na kuzitolea hesabu, amekosa kile alichojiunga ili akipate. Na mwalimu wake hana hatia. Aliitwa ofisini, akaambiwa kuanzia leo wewe utasimamia skauti, basi.

Wapo wanaokubali mafunzo lakini wanayaona kuwa jambo la mara moja: akishavaa zile shanga mbili za mbao za Wood Badge, amehitimu. Kisha anarudi shuleni kwake, na hakuna anayemtembelea mwaka mzima. Chama cha skauti duniani kilishaliona tatizo hili. Sera yake kuhusu watu wazima, iliyopitishwa Bangkok mwaka 1993 na kuandikwa upya baadaye, inamfuata mtu tangu anapotafutwa hadi anapoondoka. Anapokelewa kwa makubaliano yanayosema kazi yake ni ipi na ni ya muda gani, anafundishwa, anasaidiwa akiwa kazini, na muda ukiisha anakaa na msimamizi wake kuamua kama ataendelea, atapewa kazi nyingine, au atapumzika. Hapo kwenye kusaidiwa ndipo tunapoanguka. Kamishna anapofika kwenye kundi, mara nyingi hukagua sare na daftari la mahudhurio. Kiongozi mgeni anahitaji mtu wa kukaa naye kivulini baada ya watoto kuondoka, amsikilize alipokwama na kumwonyesha namna ya kutoka.

Kuna hofu kwamba ukimkosoa usiyemlipa ataondoka. Wengine huondoka, kweli. Lakini wengi zaidi huondoka kimya kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia wamefanya vizuri au vibaya.

Hoja nyingine hutolewa kwa hasira: kumjazisha mtu fomu na kuulizia habari zake kule alikotoka ni kumshuku bure, na wema watakimbia. Hapa sina huruma na hoja yenyewe. Februari 2020, chama cha skauti wa kiume cha Marekani kiliomba kinga ya ufilisi mahakamani, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walinyanyaswa kingono walipokuwa watoto ndani ya chama hicho. Mtu mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo haulizwi. Kanuni ya kutokuwa peke yako na mtoto mmoja mahali pasipoonekana humlinda mtoto, na humlinda pia kiongozi mwaminifu asisingiziwe. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kiongozi ambaye hajafundishwa dalili za unyanyasaji na njia ya kuripoti atalitimizaje jukumu hilo?

Ya mwisho ni pesa, na siibezi, maana wilaya nyingi kweli hazina kitu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ninachokitetea haina gharama kubwa. Kozi ya mwanzo inaweza kufanyika kwenye madarasa matupu wakati wa likizo, kwa mahema ya kuazima, ikifundishwa na viongozi wenye uzoefu wa wilaya jirani. Simu ya kila mwezi kwa kiongozi mgeni ni vocha ndogo. Kinachouma ni nauli na chakula, ambavyo leo anayejitolea huvitoa mfukoni mwake, juu ya muda wake aliokwisha kuutoa. Wilaya inayopata pesa za kushona sare mpya kabla ya kila sikukuu inaweza, mwaka huu tu, kuanza na nauli za viongozi wanne.