Kompyuta ya duka ikigoma kuwaka, okoa daftari kwanza

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, daftari hilo siku hizi haliko chini ya kaunta. Limo ndani ya kompyuta: orodha ya bidhaa, bei za jumla na majina ya wateja waliochukua mzigo kwa mali kauli. Kwa hiyo kompyuta inapochukua dakika 20 kuwaka, au inapoganda njiani na kukataa kuendelea, kinachosimama si mashine tu, bali biashara yenyewe.

Mashine kuharibika ni jambo la kawaida. La kusikitisha ni namna zinavyotibiwa. Mteja anayebeba kompyuta yake hadi kwa fundi mara nyingi hupewa dawa moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ‘kupiga Windows’, yaani kufuta kila kitu na kupakia programu upya. Mashine hurudi nyepesi, fundi hulipwa, na mwenye duka hugundua jioni kwamba hesabu zake za miezi minane hazipo tena. Ya pili ni kuambiwa kwamba mashine imechoka, anunue nyingine.

Dawa zote mbili zina mahali pake, lakini zinapaswa kuwa za mwisho. Lawama hata hivyo si za fundi peke yake. Mfanyabiashara hukubali kulipia kazi anayoiona kwa macho, lakini akiambiwa alipie uchunguzi, hununa na kuhamia kibanda cha pili. Fundi naye, akijua kuwa uchunguzi haulipwi, huruka moja kwa moja kwenye kazi inayolipa.

Nchi hii ina funzo la zamani kuhusu kutibu bila kupima. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya matatizo ya mfumo wa hesabu uliokuwa Wizara ya Fedha. Mashine zilizuiwa mpakani, lakini upungufu wa wataalamu, ambao ulikuwa sehemu kubwa ya tatizo, haukuondolewa na marufuku hiyo.

Kupima kompyuta kunaanza kwa kitu kisichogharimu hata senti moja: kutazama inakwama wapi. Ikiwa haionyeshi chochote na inatoa milio, mara nyingi kumbukumbu yake, ambayo mafundi huiita ramu, imelegea au imejaa vumbi. Umeme ukichomolewa kabisa, kipande hicho husafishwa na kurudishwa kwa kukandamizwa vizuri. Vumbi hilo hilo huziba feni, na mashine ikipata joto kali hujipunguza mwendo au hujizima.

Ikiwa inasimama kwenye maandishi meupe ikitaka ibonyezwe F1, na tarehe yake imerudi nyuma miaka kadhaa, mgonjwa ni betri ndogo ya duara ya volti 3 iitwayo CR2032, inayofanana na sarafu. Si kifaa cha bei kubwa. Lakini ikiachwa, ankara za duka hutoka na tarehe za uongo, na tovuti za benki huweza kukataa kufunguka.

Ikiwa inaandika kwamba haioni Windows, kwanza itazamwe kama kuna flashi iliyosahauliwa ubavuni. Baadhi ya mashine huanza kutafuta programu kwenye flashi kabla ya kugeukia diski yake. Kuichomoa tu huweza kumaliza safari ya kwenda kwa fundi.

Ikiwa inafika hadi mwisho lakini kwa kujikokota, huenda inabeba mzigo usio wake. Programu nyingi hujipa ruhusa ya kuamka pamoja na mashine. Kwenye Windows 10 na 11, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua dirisha lenye orodha yake, na zisizohitajika huzimwa hapo hapo. Diski iliyojaa hadi pomoni nayo hupunguza mwendo. Kwa mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kuibadilisha kwa diski ya SSD huleta nafuu kubwa, na kwa kawaida gharama yake haifikii bei ya kompyuta mpya.

Hali ya kuogopwa ni ile ambapo kila asubuhi mashine inakagua diski upya, au diski inatoa mlio wa kugonga. Hapo diski huenda inakufa. Kuiwasha na kuizima mara kumi kwa matumaini ni kuimalizia. Inatakiwa ichomolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pembeni, na kumbukumbu za biashara zinakiliwe kabla ya jambo jingine lolote. Umeme unaokatika ghafla mashine ikiwa inaandika ni miongoni mwa mambo yanayoharibu kumbukumbu hizo, na walioishi Dar es Salaam wakati wa mgawo wa mwaka 2006 na wa 2011 hawahitaji kusimuliwa. UPS, yaani kifaa chenye betri kinachompa mtu dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu, ni kinga ambayo duka lisiiite anasa.

Wapo watakaosema mashine za zamani zimepitwa na wakati, kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Hoja ya usalama ni ya kweli na mwenye duka anapaswa kujipanga. Lakini tarehe hiyo haikuua betri wala kujaza vumbi kwenye feni. Asiuziwe kompyuta mpya kwa ugonjwa wa betri.

Mkulima asiyemiliki kompyuta asidhani habari hii haimhusu. Malipo ya awali aliyoacha kwenye duka la pembejeo, au kilo za korosho alizopima kwenye AMCOS yake, huenda zimeandikwa kwenye mashine ya mtu mwingine. Siku ikigoma, karatasi yake ya stakabadhi ndiyo itakayomtetea. Aidai na aitunze.

Mwenye duka naye afanye mambo matatu. Kila jioni anakili hesabu kwenye flashi au diski ya pembeni isiyolala duka moja na kompyuta. Kila mwisho wa mwezi achapishe orodha ya wadaiwa. Na siku mashine ikigoma, amwambie fundi kabla hajaishika: chunguza, nitalipia uchunguzi, okoa hesabu zangu, kisha niambie kilichoharibika na unionyeshe kifaa ulichotoa.

Fundi mzuri hataudhika kwa masharti hayo. Atakayeudhika, mteja abebe mashine yake aende kwa mwingine, daftari lake likiwa bado lina uhai.