Kuinua pua ya kamionete: tumfikirie kwanza yule anayekaa juu ya mzigo

Leo tuongee juu ya magari yanayotubeba. Nasema juu ya kamionete, zile Hilux na Land Cruiser zinazotoka Goma kwenda Sake, Masisi na Minova, na zile zinazoteremka kutoka Bukavu kwenda Uvira. Siku hizi kuna kazi moja inayopendwa sana katika garaje zetu: kuinua mbele ya gari, kisha kuivalisha tairi kubwa kuliko zile iliyotoka nazo kiwandani. Mwenye gari anaambiwa kwamba sasa gari yake ni ya nguvu, haiogopi mawe wala matope.

Mimi nasema wazi: kwa gari inayobeba watu na magunia, kazi hiyo ikifanywa nusu nusu ni hatari. Na hatari hiyo haimpati kwanza mwenye gari. Inampata mama aliyekaa juu ya magunia, na mtoto mgongoni.

Hivi karibuni nilipanda Hilux moja ya namna hiyo kutoka Goma kwenda Minova. Nyuma tulikuwa watu kumi na wanne, pamoja na magodoro, bidoni, sufuria na mbuzi wawili. Familia mbili zilikuwa zinarudi kwao na kila kitu zilichobaki nacho. Kila tulipokata kona tulisikia tairi ya mbele ikikwaruza bati. Konvwayeri akacheka, akasema ni tairi mpya, itazoea. Tulipopita Sake tukaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Shofere akasimama, akaangalia: ubavu wa tairi ulikuwa umelika hadi nyuzi zinaonekana. Tukashuka wote, tukashusha mizigo kando ya njia, na tukangoja mpaka jua likaanza kuzama. Tulikuwa na bahati, kwa sababu tairi ile ingeweza kupasuka kwenye mteremko.

Sasa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kamionete ikiwa tupu, iweke mahali pa sawa uitazame kwa pembeni. Utaona mbele iko chini kidogo kuliko nyuma. Wengi wanafikiri ni kasoro. Hapana. Kiwanda kilifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Ukipakia magunia, nyuma inashuka na gari inakuwa sawa. Ukiinua mbele ili ilingane na nyuma wakati gari ni tupu, siku ya kupakia nyuma itashuka na pua itatazama mbinguni.

Pua ikitazama mbinguni, mambo mawili yanatokea. La kwanza, uzito unapungua kwenye magurudumu ya mbele, ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Shofere anasikia volani imekuwa nyepesi, anafikiri ni vizuri, kumbe gari haimsikii tena kama zamani. La pili, taa zinapanda. Usiku haziangazi tena njia na mashimo. Zinapiga macho ya shofere anayekuja mbele, na ya yule wa pikipiki mwenye abiria wawili.

Na namna ya kuinua nayo ina maneno yake. Kwenye Hilux za zamani zenye chuma cha kujipinda badala ya resori ya kuzunguka, fundi anakaza tu boliti, na kwa muda mfupi gari imepanda. Hakununua hata pyesi moja. Lakini gurudumu halina tena nafasi ya kushuka likikuta shimo, na gari inapigapiga kama mkokoteni. Kwenye Hilux za tangu mwaka 2005, fundi anaweka kipande cha chuma juu ya amortiseri ya mbele. Kipande cha sentimita mbili na nusu kinainua gari karibu sentimita tano, kwa sababu ya namna mikono ya chini inavyoshika gurudumu. Wengine hawajui hilo, wanaweka kipande kinene. Hapo kardani inakaa kwa pembe kali, mpira unaolinda grisi yake unapasuka, vumbi linaingia, na rotili zinavutwa kupita mpaka wake. Kisha gari inatoka garaje bila kufanyiwa paralelisme, tairi zinaanza kulika upande mmoja, na mwenye gari analaumu njia.

Tuje kwenye tairi kubwa. Hapa nitafanya hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Hilux nyingi za sasa zina tairi za 265/65R17. Kimo chake, kutoka chini hadi juu, ni kama milimita 776. Wengi wanaotaka kubwa wanatafuta 285/70R17, yenye kimo cha kama milimita 831. Tofauti ni milimita 55. Lakini katikati ya gurudumu inapanda nusu yake tu. Maana yake, chini ya tumbo la gari umepata chini ya sentimita tatu. Hizo ndizo ulizonunua.

Na umelipa nini? Tairi imekua asilimia saba. Kila freni inapokamata, nguvu inayofika ardhini imepungua karibu asilimia hiyo hiyo, na mzigo ni ule ule. Kupanda nako ni hivyo: injini inavuta kwa unyonge, shofere anarudisha vitesi, mafuta yanaenda. Kipimo cha mwendo nacho kinadanganya: kikionyesha 60, wewe unakwenda 64. Wale wanaojua escarpement ya Ngomo, kwenye njia ya Bukavu na Kamanyola, wanaelewa maana ya kupoteza hata kidogo cha freni pale. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde.

Najua mashofere watanijibu. Watasema: wewe mwandishi hujui njia ya Masisi wakati wa mvua. Watasema mawe meusi ya volkano karibu na Goma yanakata tairi nyembamba kama kisu. Wana haki. Tairi nene, yenye ubavu mgumu, inasaidia kweli, na kwenye gari yenye ekseli nzima kama Land Cruiser, kitu pekee kinachopandisha ile difransieli mbali na mawe ni tairi yenyewe. Kuinua resori hakuiongezei hata kidole kimoja. Wala hatuwezi kungoja barabara itengenezwe ndipo tusafiri. Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni kuchukua kazi iliyobuniwa kwa gari ya mtu mmoja anayetembea bila mzigo, na kuiweka kwenye gari inayobeba watu kumi na wanne na mbuzi.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, ikiwa una pesa ya kutengeneza, anzia nyuma: resori za bamba zisizovunjika, amortiseri nzima, freni zinazokamata sawa pande zote. Nunua tairi za kimo kile kile cha kiwandani lakini zenye ubavu wa nguvu. Ukitaka lazima kuinua mbele, inua kidogo, na umalize kazi: paralelisme, taa zishushwe huku gari ikiwa imepakiwa, volani ijaribiwe kulia na kushoto mpaka mwisho. Na tairi ya akiba iwe ya kimo kile kile. Tairi ya akiba ndogo kwenye gari ya tairi kubwa ni kujidanganya.

Ndugu fundi, mwambie mteja ukweli hata kama atakwenda garaje ya jirani. Jina lako linakaa kwenye gari hiyo.

Na ninyi mnaosafiri, hasa familia zinazohama au kurudi: najua mara nyingi hamna uchaguzi, mnapanda iliyopo. Tangu mwanzo wa mwaka 2025 tumeona watu wengi kandokando ya Goma wakifunga hema na kutafuta gari kwa haraka. Lakini kabla ya kulipa, mnaweza kufanya mambo matatu yasiyo na gharama. Inama utazame ubavu wa ndani wa tairi za mbele, kama umekwaruzwa. Mwombe shofere azungushe volani mpaka mwisho, usikilize. Na gari ikishapakiwa, simama kando utazame: kama pua iko juu kuliko mkia, omba mzigo upunguzwe au usogezwe mbele. Msiende mmoja mmoja. Viongozi wa kambi na wa mitaa wanaopatana bei kwa niaba ya familia waulize maswali hayo pamoja na bei. Mashirika yanayokodi magari yaulize pia.

Kwenye barriere zetu gari inasimamishwa mara nyingi, inalipa, inaendelea. Sijaona anayeinama kutazama tairi. Basi mpaka siku hiyo ifike, tuiname sisi wenyewe. Tairi ikipasuka, pyesi nyingine inapatikana sokoni. Mguu wa mtu hauna pyesi.