Muuza nyasi, weka na picha ya Agosti

Leo naongea na wenzangu wa Mbeya na Iringa mnaouza mtandaoni nyasi za mapambo, zile za mashina zinazodumu miaka: mchaichai, vetiva, na zile zenye mikia ya manyoya. Soko lipo, watu wanajenga na wanataka nje papendeze. Ila tunaliua wenyewe kwa picha.

Mtu anachukua picha ya bustani ya Ulaya, anaandika "mche 5,000 tu". Mteja anapokea majani matatu yaliyonyauka kwenye kiriba. Umepata elfu tano, umempoteza yeye na majirani zake.

Mimi nasema weka picha mbili za shina lako mwenyewe: moja ya Machi, limejaa kijani, na moja ya Agosti, limekuwa kahawia. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, halafu kiangazi na ile baridi ya Juni na Julai. Nyasi nyingi zinakauka juu wakati mzizi uko hai. Mteja ambaye hukumwambia anajua imekufa, anang'oa, anakuita tapeli. Uliyemwambia anasubiri mvua ikaribie, anapunguza majani makavu, basi.

Halafu hesabu machipukizi. Shina langu la kuuza halipungui matano, na naandika hivyo pembeni ya bei. Kugawa mashina nafanya mvua zikishashika, Desemba au Januari, siyo Julai eti kwa sababu oda imeingia. La kwenda Dar nalikata majani yawe mafupi, mizizi nafunga na gunia bichi, juu naacha wazi. Ni zaidi ya kilomita 800 kwenye buti ya basi, ukilifunga lote na nailoni linaoza kwa joto.

Kingine kinachonikera ni kwenda kuchimba porini. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, using'oe kitu pale, hata kama unaona ni majani tu. Omba shina la mchaichai kwa jirani uanzie hapo. Asiyenunua wa bustani atanunua wa chai.

Na zile za manyoya, mbegu zake zinapeperuka. Mwambie mteja akate vichwa kabla havijakomaa, hasa akipakana na shamba la mtu. Vetiva tunayopanda haisambai kwa mbegu, hilo liandike kabisa kwenye tangazo, linauza.