Tunapiga Kelele Mahali pa Kunyamaza



Mwishoni mwa likizo kubwa tulikuwa tumesimama pembeni ya kiwanja cha parokia moja ya mji wetu wa Lubumbashi. Mchezo wa mwisho wa mashindano ya watoto wa chini ya miaka 14 ulikuwa umebakiza dakika chache. Mtoto mmoja anayecheza upande wa kulia alipokea mpira karibu na lango. Baba yake, aliyesimama nyuma ya lango, akamwita kwa sauti kuu: "Piga!" Kutoka kwenye benchi kocha akaita vilevile: "Toa pasi!" Mtoto akaukanyaga mpira, akasimama. Akamtazama baba, akamtazama kocha. Mlinzi wa timu ya pili akaja, akauondoa mpira mguuni mwake bila hata kukimbia.

Baba akaingia uwanjani, kocha akatoka kwenye benchi, wakakamatana mashati, mwamuzi akapuliza kipyenga mpaka akachoka. Mtoto akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akaenda zake nyumbani. Karibu hakuna aliyemwona akiondoka.

Majuma yaliyofuata baba alikuja kwetu kushitaki, na kocha naye akaja kushitaki. Kila mmoja alitaka tutamke nani mwenye haki. Tuliwasikiliza wote wawili kwa saa nyingi, nasi tunakiri kwa haya kwamba karibu mwezi mzima ulipita kabla hatujapata wazo la kumwuliza mtoto.

Katika ugomvi wa namna hii watu hupenda kusema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo husemwa kana kwamba imemaliza shauri: mzazi akae nyumbani, au kocha afukuzwe, na amani itarudi. Hatukubali hata kidogo. Mtoto si zizi, wala hakuzaliwa ili fahali wapate mahali pa kusimama. Tena hatuamini kwamba shida ya viwanja vyetu ni wazazi kusema mno. Shida ni kwamba tunapiga kelele mahali pa kunyamaza, kisha tunanyamaza mahali ambapo tungepaswa kupiga kelele.

Tuanze na kelele. Sisi tuliopita katika shule ya ualimu tulizoezwa kuandika karatasi ya matayarisho kabla ya kila somo: shabaha, vifaa, muda, maswali. Hatujamwona mzazi aliyefungua dirisha la darasa katikati ya somo la hesabu ili kumnong'onezea mwanawe jibu. Angefanya hivyo, darasa zima lingemcheka. Lakini kiwanjani dirisha liko wazi pande zote nne. Mpira wa miguu ni somo la kuchagua: mtoto aone mwenzake yuko wapi, apime nafasi, aamue kwa nukta moja, akosee, na safari ijayo aamue vizuri zaidi. Kila amri inayorushwa kutoka pembeni inamnyang'anya uamuzi mmoja. Na mtoto anayeamriwa na sauti mbili hajifunzi mpira, anajifunza kutazama nyuso za wakubwa. Kocha anayepiga makelele kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho hana udhuru kuliko baba yule. Somo lake alipaswa kulifundisha wakati wa mazoezi.

Jambo hili si geni. Katika Injili ya Matayo, sura ya 20, mama wa wana wa Zebedayo anamwendea Yesu kuwaombea wanawe viti viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto. Wale mitume kumi wakakasirika, kama wanavyokasirika wazazi wengine wanaposikia kwamba mmoja wao ameenda kwa kocha usiku. (Marko anasimulia kwamba wana wenyewe ndio walioomba, pengine mama na wanawe walikuwa wamekwisha kupatana nyumbani.) Sisi tunashikwa na jambo lingine katika habari hiyo. Yesu hakugombana na mama. Aliwageukia wana, akawauliza wao kama wataweza kukinywa kikombe chake.

Sasa tuseme juu ya kimya, maana hapo ndipo uchungu wetu ulipo.

Zaidi ya mara moja tumefuatwa na mzazi akitaka "msaada" juu ya cheti cha ubatizo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 inatakiwa azaliwe tena, kwa karatasi, mwaka 2013, ili aendelee kucheza na wadogo na kuonekana shujaa kati yao. Mzazi ndiye anayekuja, lakini kocha ndiye aliyemtuma. Angalieni basi: watu wawili walioshikana mashati mbele ya umati kwa sababu ya pasi moja, mbele ya kitabu cha ubatizo wanapatana kama mapacha. Hapo hatusikii ugomvi. Na mtoto, anayejua vizuri siku yake ya kuzaliwa, anafundishwa na baba na mwalimu wake kwa pamoja kusema uongo juu ya nafsi yake. Hatuongei juu ya adhabu tu, ingawa adhabu ipo, na tangu mwaka 2009 FIFA hupima kwa mashine ya MRI mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano yake ya vijana wa chini ya miaka 17. Tunasema juu ya mtoto anayelala kila usiku akiogopa kwamba siku moja ataulizwa alikuwa darasa la ngapi mwaka fulani.

Kisha anafika bwana mwenye simu mbili, anayesema anawajua watu wa Ubelgiji. Anataka pesa za pasipoti, pesa za viza, pesa za majaribio. Familia inauza kiwanja, nasi wote tunanyamaza kwa kuogopa kuziba bahati ya mtu. Lakini tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinakataza mchezaji asiyetimiza miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache: kwa mfano wazazi wenyewe wakihama kwa shughuli isiyohusu mpira, au vijana wa miaka 16 na 17 wanaohama ndani ya Ulaya yenyewe. Ipo pia nafasi ya watu wa mpakani, nayo yaweza kuwagusa ndugu zetu wa Kipushi na Kasumbalesa: mtoto akikaa si zaidi ya kilometa 50 kutoka mpaka, na klabu ya ng'ambo nayo ikiwa ndani ya kilometa 50, inawezekana, lakini sherti aendelee kulala kwao na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Anayeahidi kumpeleka mtoto wako wa miaka 15 katika klabu ya Ulaya anaahidi jambo lililokatazwa. FC Barcelona iliadhibiwa mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa kigeni, na Chelsea mwaka 2019. Ikiwa wakubwa hao hawakusamehewa, bwana yule wa simu mbili atapita mlango gani?

Juu ya pesa zenyewe tuseme kwa kifupi, kwa kuwa ndoto hii inavunja urafiki mwingi. Mchezaji akiuzwa akiwa na mkataba, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa klabu, si kwa mfuko wa kocha, wala kwa mzazi. Kocha anayeficha barua ya kumwachilia mtoto akingoja fungu lake, na baba anayempiga kocha kwa kudhani ameibiwa, wanagombea ng'ombe ambaye hayumo zizini mwa yeyote kati yao.

Na safari? Nani analala na watoto timu inapokwenda kucheza mji mwingine? Nani ana ufunguo wa chumba? Mtoto akivunjika mguu, nani analipa hospitali? Haya ndiyo maswali ambayo mzazi angeyauliza kwa sauti ile ya nyuma ya lango, tena akiwa amesimama, tena mbele ya wote. Kocha anayekasirika akiulizwa habari za usiku asipewe mtoto wa mtu, hata kama ameleta vikombe vitano.

Tusiwaonee makocha. Wengi katika parokia zetu ni vijana wa miaka 22 au 25 wasiolipwa kitu. Wananunua maji kwa franga zao, wanashona mipira iliyopasuka, kisha wanatukanwa na mtu ambaye mwaka mzima hakutoa hata sabuni ya kufulia jezi. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu, ninyi viongozi wa Kiro, wa Xaveri na wa Skauti, ndio makocha hao. Kwa hiyo tunawaambia ninyi kwanza: msianze mazoezi kabla ya kuwaita wazazi mkutanoni. Wafungulieni daftari la umri, la pesa na la safari, waulize mpaka wachoke. Mzazi aliyejibiwa siku hiyo mnaweza kumwomba, bila kumdharau, apige makofi tu siku ya mchezo.

Wengine wanatucheka, wanasema kwamba kwa upole huo timu haziendi popote. Basi tukumbuke kwamba TP Mazembe ilianzishwa hapa mjini mwaka 1939 na Wamisionari Wabenedikto, ikiwa timu ya maskauti wa shule, kwa jina la Mtakatifu Jorji. Shabaha ilikuwa kuwapa vijana shughuli njema. Timu hiyo imekuwa bingwa wa klabu za Afrika mara tano, na mwaka 2010 ilifika mchezo wa mwisho wa klabu bingwa za dunia kule Abu Dhabi. Hatusemi kwamba kila timu ya parokia itafika Abu Dhabi. Tunasema tu kwamba haikuanza kwa watu kuhesabu bei ya watoto.

Mapatano ya mwaka 1989 juu ya Haki za Mtoto yanasema, katika kifungu cha 12, kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na katika kifungu cha 31 kwamba ana haki ya kucheza. Nchi yetu imeyakubali. Sisi makatekista tulikuwa tumeyasoma, nasi tulichukua mwezi mzima.

Tulipokwenda hatimaye kumwona mtoto yule, tulimkuta akiosha vyombo na dada yake. Tulimwuliza alitaka kufanya nini na mpira ule, kupiga au kutoa pasi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba hapendi kucheza mbele. Angetaka kucheza nyuma, kwa sababu kipa ni rafiki yake, na mpira unapokuwa mbali wao wawili huweza kuzungumza. Baba hakulijua jambo hilo, wala kocha. Mashindano mengine yataanza baada ya Pasaka, na mpaka leo jina lake halijaandikwa.