Usicheke, Uliza

Fikiria umealikwa chakula ugenini. Umenawa mikono, umeketi. Mwenyeji wako analeta sahani. Ndani yake mna vipande vya samaki. Harufu yake ni kali kama mkojo wa siku nyingi. Mwenyeji anatabasamu na kusema, "Karibu. Hiki ndicho chakula cha wazee wetu."

Utafanya nini? Wengi wetu tutaziba pua. Tukirudi nyumbani tutawasimulia wenzetu kwamba watu wale wanakula uozo. Nao watacheka sana.

Mimi nasema tusicheke. Kwanza tuulize chakula hicho kimeandaliwaje, na kwa sababu gani. Soma ujue kwa nini nasema hivyo.

Samaki huyo yupo kweli. Huliwa Aislandi, kisiwa cha baridi kali kaskazini ya Ulaya. Watu wa huko huvua papa mkubwa. Nyama yake ikiwa bado mpya ina sumu. Wazee wa Aislandi walilijua jambo hilo tangu zamani, lakini hawakumtupa papa. Walimkata vipande, wakavizika katika shimo la mchanga na kokoto, wakaweka mawe juu yake. Mawe yalikandamiza nyama na maji yake yakatoka polepole. Baada ya wiki 6 hadi 12 waliifukua. Kisha waliitundika penye upepo kwa miezi kadhaa. Ndipo walipoila. Mpaka leo huliwa. Harufu hubaki, lakini nyama haidhuru tena.

Twende Uchina. Huko watu huchukua mayai ya bata na kuyapaka udongo uliochanganywa na majivu, chokaa na chumvi. Huyaweka kwa wiki nyingi, hata miezi. Ukilipasua yai hilo utashtuka. Ute wake umeganda na kuwa wa rangi ya kahawia. Kiini kimekuwa cha kijani. Utasema yai limeoza. Kumbe halikuoza, limehifadhiwa. Chokaa na majivu vimeligandisha bila moto.

Sasa turudi kwetu. Watu wa Kagera hula senene, na majirani zao wa Uganda pia. Huwaondoa mabawa na miguu, huwakaanga, huwala kwa furaha. Sehemu nyingine watu hula kumbikumbi. Lakini yuko mtu anayekula dagaa na vichwa vyao, na bado humcheka mla senene! Mtoto akichekwa hivyo shuleni, huona aibu kwa chakula cha nyumbani kwao. Senene ni chakula cha kujenga mwili, kama nyama na samaki. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba watu bilioni 2 duniani hula wadudu. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu aina moja ya funza wakavu wauzwe kama chakula cha watu. Jambo ambalo wengine waliliita la kishenzi, leo wenyewe wanajifunza.

Labda utasema, "Kucheka ni mzaha tu, hakuui mtu." Mimi sikubali. Anayechekwa huona haya. Akiona haya, huacha kuwafundisha watoto wake. Wazee wakifa, maarifa ya kuandaa chakula hicho hufa nao. Na maarifa yakipotea, au yakifupishwa, watu huumia.

Tazama wenyeji wa Alaska, kaskazini kabisa ya Marekani. Tangu zamani wao huvundika vichwa vya samaki katika shimo lililotandikwa majani. Siku hizi baadhi yao walianza kutumia ndoo na mifuko ya plastiki. Waliona ni rahisi zaidi, na pengine ni safi zaidi. Kumbe ndani ya chombo kilichofungwa bila hewa, penye joto, vijidudu fulani hutoa sumu kali. Watu waliugua, na wengine walikufa. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni njia ya kukiandaa.

Usidhani jambo hili ni la watu wa mbali tu. Sisi tunao muhogo. Mihogo michungu ina sumu, na wazee wetu walijua namna ya kuitoa. Waliimenya, wakailoweka au wakaivundika kwa siku kadhaa, wakaianika juani mpaka ikakauka kabisa. Ndipo walipoitwanga na kupata unga. Mihogo iliyovundikwa hunuka, na mgeni anaweza kuziba pua. Lakini kazi hiyo ndefu ndiyo inayoondoa sumu.

Mwaka 1981 ukame uliikumba Msumbiji, katika jimbo la Nampula. Mwaka 1985 ukame ulifika wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Kwa watu wengi, chakula kilichobaki kilikuwa mihogo michungu. Njaa haina subira. Watu walifupisha kazi ya kuiandaa. Ugali wao ulikuwa mweupe. Lakini watu walikakamaa miguu ghafla. Huko Msumbiji waliopatwa walizidi 1,000. Ugonjwa huo huitwa konzo. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Mtu aliyekakamaa miguu kwa konzo haponi. Hubaki mlemavu maisha yake yote.

Ndugu msomaji, linganisha sahani hizo mbili. Papa anayenuka analisha watu. Ugali mweupe usionuka unalemaza watu. Je, macho na pua vinatosha kukuambia chakula kipi ni kizuri? Havitoshi. Lazima tujue chakula kilivyoandaliwa.

Sisemi ule kila kitu. Kama dini yako inakataza, usile. Kama moyo wako unakataa, usile. Mwambie mwenyeji wako kwa heshima, "Ahsante, nimeshiba." Lakini usimcheke. Na wewe usijaribu kuandaa chakula cha wenzako kwa kubahatisha. Waulize wanaokijua.

Kwa upande wetu, tufanye mambo manne. Tuwaulize wazee wetu namna walivyoandaa mihogo michungu na vyakula vingine, nasi tuandike. Sasa tunajua kuandika, tusiache maarifa hayo yafe. Pili, tusifupishe siku za kuloweka na kuanika, hasa wakati wa njaa, maana huo ndio wakati wa hatari. Tatu, tusile muhogo peke yake siku zote. Tule pia dagaa, samaki, nyama, mayai au maziwa, kwa kuwa vyakula hivyo husaidia mwili kuishinda sumu hiyo. Nne, tukiwa na shaka, tumwone bwana shamba au bibi shamba, au mhudumu wa zahanati.

Mwisho, ukimwona mtu anakula usichokijua, funga kicheko chako na ufungue masikio. Pengine ndani ya sahani ile mna elimu ya miaka mingi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni chakula gani cha kwenu ambacho wageni hukicheka? Huandaliwaje?
2. Kwa nini watu wa Tarime na Nampula waliumia, ingawa mihogo walikuwa wameizoea?
3. Katika kijiji chenu, nani anajua kuandaa mihogo michungu? Je, amemfundisha nani?