Ukiitwa Kwenye Maandamano, Shuka Garini na Utu Wako

Ndugu zetu mlioko Marekani, hasa ninyi mnaovaa sare za zimamoto, za uuguzi na za gari la wagonjwa, neno hili ni lenu kwanza. Sisi wengine tumeketi hapo hapo tunasikiliza, kwani nyumba ni moja.

Mnaikumbuka Mei 25, 2020, mjini Minneapolis? Askari polisi alimkandamiza George Floyd, mtu Mweusi, shingoni kwa goti zaidi ya dakika tisa, hadi akakata roho. Kando alikuwapo Genevieve Hansen, mzimamoto wa mji huo huo, aliyekuwa mapumzikoni akijitembelea. Alijitambulisha, akaomba amhudumie. Akazuiwa. Mwaka 2021 aliyaeleza hayo mahakamani huku akifuta machozi.

Sasa fikirini: mtu ameyaona hayo kwenye simu yake, ametoka kuandamana, bomu la machozi limempofusha. Atamwonaje mtu wa kwanza mwenye sare atakayemkaribia? Ataogopa. Hofu hiyo ina sababu yake, na wewe hukuianzisha. Usiichukulie kuwa matusi.

Basi ufanyeje? Chuchumaa, macho yenu yalingane. Taja jina lako, uliza lake. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa: "Dada, mimi ni mhudumu wa gari la wagonjwa, naomba nikuoshe macho kwa maji." Kama ni lazima ukate shati lake, mwambie kwa nini. Akiwa na mwenzake, na hali ikiruhusu, mwache mwenzake amshike mkono. Alifuata nini maandamanoni? Hilo halikuhusu, kidonda hakitibiwi kwa siasa. Chungeni pia utani wa garini na maneno ya redioni, maana mgonjwa anasikia. Nadhani hapo ndipo wengi wenye nia njema hujikwaa, kwa uchovu tu.

Lakini kuaminiwa hakuanzi siku ya moshi. Mwaka 1967, katika mtaa wa Hill District mjini Pittsburgh, ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Siku hizo mgonjwa wa mtaa ule wa watu Weusi mara nyingi alibebwa na gari la polisi. Vijana Weusi wa pale pale, baadhi yao wakiwa hawana kazi, walifundishwa chini ya Dkt. Peter Safar, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo kusomea kwa kina tiba ya dharura. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake, na ile ikafungwa. Kwa miaka hiyo, aliyeita msaada aliweza kufunguliwa mlango wa gari na mtu wa mtaani kwake. Je, kituo chako kinajulikana mtaani siku za amani? Watoto huja kutazama magari?

Wakubwa wa vituo nao wana nafasi. Mei 30, 2020, katika eneo la Flint, Michigan, Sherifu Chris Swanson alivua kofia yake ya kujikinga, akaweka kirungu chini, akawauliza waandamanaji wanataka nini. Wakamwambia atembee nao. Akatembea. Matembezi hayabadilishi sheria, ni kweli, ila kuuliza na kungoja jibu hakuhitaji bajeti.

Nawe unayeandamana, wapishe wenye gari la wagonjwa, na uwaambie wenzako wapishe.

Na sisi tuliobaki nyumbani? Wengi tuna dada au kijana anayefanya kazi hizo kule. Akiwa Mweusi, anaingia zamu na machungu mawili: ya mgonjwa na yake mwenyewe. Akipiga simu usiku, tumsikilize hadi amalize, ndipo tumkumbushe habari ya ada ya shule.

Nanyi wa zamu, mwombeni msimamizi wenu wiki hii nusu saa tu mlizungumze jambo hili, na mwalikeni angalau mzee mmoja wa mtaa mnaouhudumia.