Tuache kuwatangazia wanafunzi siku ya mtihani

Nafundisha baiolojia kidato cha pili, na kila mwezi naona jambo lile lile. Wiki tatu madaftari hayafunguliwi. Wiki ya nne taa za bweni hazizimwi, na asubuhi ya mtihani wanafunzi wanakariri sehemu za figo wakiwa kwenye foleni ya uji. Wazazi husema ni uvivu. Sikubaliani nao.

Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walichapisha kitabu kinene kuhusu wanyama, wakiwemo njiwa waliofunzwa kudonoa kitufe ili wapate nafaka. Chakula kilipopatikana kila baada ya muda uleule, njiwa akishakula alitulia. Muda ulipokaribia alianza kudonoa, kisha akadonoa kwa kasi. Muda ulipobadilishwabadilishwa asiweze kuukisia, alidonoa kwa mwendo mmoja. Huyo si mvivu hata chembe. Ameielewa ratiba, anaifuata.

Watoto wetu nao wanaifuata ratiba tuliyowapangia sisi. Basi tuwape maswali matatu ya ghafla, siku yoyote, bila viboko wala kutangaza nani kashika mkia. Tangu 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alionyesha kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Wakuu wa shule waliobandika ukutani tarehe za mitihani ya mwezi tangu Januari waanze na karatasi hiyo: waibandue.